Ganda la Pipi kwenye Kipima Rangi

Kila Jumanne akitoka shule, Najat Seif hakupitia nyumbani. Alipanda moja kwa moja ngazi za nyuma ya duka la vitambaa la Bachubai, pale Mabatini, akavua viatu mlangoni, akasukuma pazia jeusi na kuingia studio ya shangazi yake. Chini kulikuwa na cherehani zinazokimbizana na wateja wanaobishana bei. Juu kulikuwa na utulivu. Kuta zilipakwa rangi ya kijivu, na mtu mwenye shati la rangi kali aliambiwa akae nje, kwa sababu shati humulika kwenye skrini na kupotosha macho.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mwashe mkubwa wako, apate joto."

Mkubwa wake ilikuwa skrini ya kompyuta. Ilitakiwa iwake nusu saa kabla ya kupimwa.

Shangazi Mwanabaraka alihariri video za harusi, sherehe za kumuaga bibi harusi ziitwazo sendofu, na vipaimara. Nusu ya mji wa Mwanza ilikuwa imepita mbele ya macho yake. Alijua nani alilia kwa furaha siku ya harusi yake na nani alilia kwa sababu nyingine, na ukimletea soda ya baridi angekusimulia. Lakini kwenye jambo moja hakuwa na utani kabisa, nalo ni rangi.

"Kila skrini ina uongo wake," alimwambia Najat mwaka mmoja uliopita, siku alipoanza kumfundisha. "Hii inazidisha bluu, ile inazidisha njano. Sasa mimi nikikaa mbele ya skrini yenye bluu nyingi, nitaona watu wote wamepoa. Nitafanya nini? Nitawaongezea wekundu mpaka nione wako sawa. Video ikifika kwenye televisheni ya mteja, isiyo na ule uongo wa bluu, watu wake wanakuwa wekundu kama nyanya. Na jicho halitanionya, maana jicho huzoea. Likikaa na uongo robo saa, linauona ni ukweli. Ndiyo maana tunapima."

Walipima kwa kipima rangi, kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti, chenye waya mrefu na jicho dogo la kioo upande wa chini. Najat alikining'iniza katikati ya skrini, jicho likigusa kioo. Kompyuta ilionyesha rangi moja baada ya nyingine: nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, bluu. Kipima kilizisoma, na kompyuta ikajirekebisha yenyewe. Mwishoni Najat aliandika kwenye daftari tarehe na neno moja: Sawa. Kwa muda wa mwaka mzima Shangazi hakurudia kupima nyuma yake hata mara moja.

Jumanne hiyo Najat alikuwa na ganda la pipi mfukoni.

Mambo yalianza Jumamosi, kwenye harusi ya Nathaniel Kashindye wa Buswelu. Najat alishika taa ya video tangu asubuhi kanisani hadi ukumbini. Kamera ilishikwa na Farouk, kijana mrefu, mpole, aliyefanya kazi na Shangazi kwa miaka minne. Upande wa bwana harusi walivaa sare ya zambarau, upande wa bibi harusi walivaa nyekundu nzito ya damu ya mzee, na ukumbi ulipendeza kwelikweli.

Mwenyekiti wa kamati ya chakula alikuwa mama wa bwana harusi, Dorcas, ambaye kila mtu alimwita Mama Odeta kwa jina la binti yake mdogo. Alikuwa mama wa sauti kubwa na mkono mzito. Shangazi alikuwa na desturi ya kuomba kipande kidogo cha sare ya kila harusi, akikibandika ukutani ili wakati wa kurekebisha rangi ajue kitambaa chenyewe kilikuwaje. Mama Odeta alimkatalia. "Kitambaa kimetosha watu tu," alisema. "Mnataka kipande mkashonee nini?"

Chakula kilipotangazwa, Shangazi alimnong'oneza Najat aende akale kabla ya kukata keki. Najat akapanga foleni, akapakua pilau, kipande cha sato na ndizi. Alikuwa hajala kitu tangu alfajiri. Mkono wenye bangili tatu ukashika sahani yake.

"Wewe si wa taa?" aliuliza Mama Odeta.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Watu wa kazi mnakula mwisho, wageni wakishatosheka. Hukufundishwa kwenu?"

Akaichukua sahani, akampa mgeni aliyekuwa nyuma yake. Hivyo tu. Foleni nzima iliona. Na nyuma ya mama huyo alikuwa amesimama Odeta mwenyewe, aliyesoma darasa moja na Najat, Darasa la Saba, amevaa gauni la zambarau lenye mkia. Odeta alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mkono.

Watu wa kazi walipofikiwa, masufuria yalikuwa yanakwanguliwa. Farouk alimnunulia Najat chapati mbili ng'ambo ya barabara. "Kula, mdogo wangu," alisema. "Kazi yetu hii, tumbo ndilo la mwisho kuhudumiwa. Utazoea."

Najat hakutaka kuzoea.

Jumatatu, alipoingia darasani, Odeta alisimama katikati ya njia, akanyoosha mikono kama mhudumu. "Jamani, mpisheni Sahani apite. Bado hajala."

Kufikia mapumziko, jina lilikuwa limezunguka shule nzima. Hata watoto wa Darasa la Pili, wasiojua harusi wala ukumbi, walimwita Sahani. Hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa hasira ya kukaa chini na kupanga.

Alijua kwamba wiki moja baada ya harusi kutakuwa na kuvunja kamati. Siku hiyo wote walioandaa sherehe hukutana tena, wakala, wakashukuriana, na wakatazama video kwa mara ya kwanza. Mama Odeta alikuwa ameshatangaza kwamba shughuli itakuwa nyumbani kwake, kwenye televisheni yake mpya. Najat aliipiga picha akilini: sebule imejaa, mashoga na mawifi wamejipanga kwenye makochi, na Mama Odeta anatokea kwenye kioo kikubwa akiwa na rangi ya tofali. Alilala na picha hiyo. Aliamka nayo. Ilikuwa tamu kuliko ile pilau aliyonyang'anywa.

Basi Jumanne, Shangazi aliposhuka kuzungumza na mteja, Najat alitoa mfukoni lile ganda la pipi. Lilikuwa jembamba, lenye rangi hafifu ya chungwa, la aina ile unayoweza kuona kupitia ndani yake. Alikata kipande cha ukubwa wa kucha, akakibandika juu ya jicho la kipima rangi, akaning'iniza kipima kwenye skrini.

Kipima kikaanza kuona dunia yote ina uchungwa. Kikaiambia kompyuta ipunguze wekundu na iongeze bluu. Kompyuta ikatii. Ilipomaliza, ikaandika kwamba kila kitu kiko vizuri, kwa sababu hata ukaguzi wa mwisho ulipita kwenye lile lile ganda. Najat akalibandua, akalikunja, akalitupa dirishani. Kisha akaandika kwenye daftari tarehe ya siku hiyo, na pembeni yake: Sawa.

Kesho yake Shangazi alikaa kurekebisha rangi za harusi ya Kashindye.

"Farouk alifanya nini hapa?" alijiuliza kwa sauti. "Watu wote wamekaa kama wametolewa kwenye friji."

Najat alikuwa nyuma yake, anakunja nyaya. "Labda taa za ukumbi, Shangazi."

"Labda. Tuwape joto."

Akawapa joto. Siku tatu aliwaongezea wekundu na njano, kipande kimoja cha video baada ya kingine, shoti kwa shoti, akirudisha kiti nyuma, akikaza macho, akiongeza tena. Angekuwa na kipande cha sare ukutani, angegundua. Hakuwa nacho. Televisheni ya sebuleni kwake hakuitumia kamwe kukagua kazi, akisema ni ya zamani na inatia watu ukijani. Aliiamini skrini iliyopimwa, basi.

Jumamosi, siku ya kuvunja kamati, Shangazi, Najat na Farouk walikwenda Buswelu, saa nane mchana. Sebule ilikuwa imejaa mpaka watu wengine wanatazama kupitia dirishani. Mama Odeta alivuta mapazia mwenyewe, akakaa kwenye kochi la mbele, Odeta pembeni yake. Najat alisimama karibu na mlango, mahali pa kuona nyuso zao.

Dakika tano za kwanza watu walinyamaza kwa heshima. Kisha Mama Odeta akatokea kwenye televisheni, anaingia ukumbini kwa kucheza, leso mkononi. Uso, shingo na mikono vilikuwa na rangi ya papai lililoiva.

Mjumbe mmoja wa kamati, baba mnene aliyekuwa anakula korosho, alisafisha koo. "Mama Odeta, samahani. Siku ile ulipaka mkorogo gani?"

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Mwingine akasema, "Si mkorogo, ni papai la Usagara." Shangazi wa bibi harusi akainuka kusogelea televisheni. "Halafu oneni sare. Wenzetu walivaa zambarau au walituiga damu ya mzee? Mbona sote tumekuwa rangi moja?"

Ni kweli. Zambarau ilikuwa imepoteza bluu yake, ikageuka nyekundu nzito. Huwezi kujua nani ni wa upande gani.

Najat alimtazama Odeta. Odeta aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Najat akahisi raha ikimpanda kutoka tumboni, polepole, kama anayenyweshwa uji wa moto wakati wa baridi. Alitamani video isiishe.

"Zima," alisema Mama Odeta. Hakupandisha sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Nani alishika kamera?"

Farouk akanyoosha mkono. "Mimi, mama."

"Wewe ndiye uliyenifanya kichekesho ndani ya nyumba yangu?"

"Mama, naomba radhi. Siku ile, ile karatasi ninayopimia kamera ili ijue nyeupe ni ipi ilipotea kwenye msongamano. Nikapimia leso ya karatasi ya mezani. Nadhani haikuwa nyeupe sawasawa."

Mama Odeta akamgeukia Shangazi. "Dada Mwanabaraka, mimi nina watu. Kuna harusi mbili mwezi ujao ambazo nilikutajia. Huyu kijana akionekana kwenye mojawapo na kamera, ujue wewe na mimi tumemalizana. Na nitasema kwa kila atakayeniuliza."

Shangazi aliyekuwa na majibu ya kila mtu akainama, akaanza kuchomoa nyaya zake kwenye televisheni. Najat alisubiri aseme kwamba skrini inaweza kuwa na kosa. Hakusema. Skrini ilipimwa Jumanne, na daftari lilikuwa na neno la mpwa wake, kwa hiyo aliona picha zenyewe ndizo zilizoharibika tangu kamerani, kiasi cha kutorekebishika.

Jumapili Farouk aliambiwa apumzike, asirudi mpaka aitwe. Kila mtu Mabatini alijua maana ya kupumzika kwa namna hiyo.

Jumatatu Najat aliingia darasani kichwa juu. Alikuwa ameshaipeleka habari kwa wasichana wawili waliojulikana kwa kutoweza kuitunza, na kabla ya kengele ya kwanza Odeta alikuwa na jina jipya. "Papai," waliimba wavulana wa dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko Odeta alikaa peke yake nyuma ya maktaba. Najat alipita pale kwa makusudi, mara mbili. Mara ya pili Odeta alisema, "Umefurahi?"

"Sana," alisema Najat. Na ilikuwa kweli, kwa sehemu kubwa.

Sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa ya Farouk. Najat alijitahidi kuipangia sababu. Atapata kazi kwingine. Anajua kamera kuliko mtu yeyote. Mambo yatapoa. Lakini kila sababu aliyoipata ilikuwa kama kiatu kisichomtosha.

Jumanne alipanda ngazi kama kawaida. Shangazi alikuwa amekaa pembeni, hajafungua hata faili moja la kazi. "Pima," alisema. "Kazi hamna, lakini pima. Nashuka kwa Bachubai mara moja."

Najat akawasha skrini, akakaa kusubiri ipate joto. Hapo ndipo alipoliona tatizo lake waziwazi. Akipima kwa haki, skrini itarudi kwenye ukweli, na Shangazi akifungua tu video ya Kashindye ataona uchungwa wote na kuuliza ulitoka wapi. Akipima tena kwa ganda, hakuna atakayejua. Begi lake lilikuwa na pipi tatu, za aina ile ile. Alizinunua asubuhi, bila kujiambia ni za nini.

Pazia likasogezwa. Alikuwa Farouk, amebeba mkoba wa kamera.

"Nimekuja kurudisha hii," alisema. "Dada yuko chini?"

"Yuko kwa Bachubai."

Farouk hakuondoka. Alitoa karatasi nyeupe mfukoni, akaishika mbele ya dirisha, akaipeleka gizani, akairudisha. "Mdogo wangu, wewe una macho mazuri. Hii ni nyeupe?"

"Nyeupe."

"Una hakika? Maana tangu Jumamosi nikitazama kitu cheupe siamini. Jana nimemuuliza mama yangu kama shuka ni jeupe, akadhani naumwa." Alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika machoni. "Miaka minne nimejua kazi yangu. Sasa sijui nilianza kukosea lini. Labda hata zile harusi za nyuma."

Najat alitazama mkoba wa kamera. Alisugua viganja kwenye sketi. Kisha akasema haraka, kabla hajapata muda wa kujizuia, "Kaka Farouk, usiondoke. Nakwenda kumwita Shangazi."

Shangazi alipopanda, alimkuta Najat amesimama katikati ya chumba, pipi tatu ziko mezani mbele ya kipima rangi.

"Si kamera," alisema Najat. "Ni mimi. Niliweka ganda la pipi kwenye jicho la kipima. Jumanne iliyopita. Skrini ilikuwa na bluu, ndiyo maana uliongeza wekundu. Kaka Farouk hakukosea kitu."

Chini, cherehani moja ilianza kukimbia, ikasimama.

"Kwa nini?" aliuliza Shangazi.

"Mama Odeta alininyang'anya sahani. Mbele ya watu wote. Na Odeta ananiita Sahani shuleni."

"Na mimi, Najat, nilikunyang'anya nini?"

Najat akazitazama zile pipi.

"Nilikaa hapo siku tatu," alisema Shangazi, akionyesha kiti chake. "Siku tatu naumiza macho kuwasaidia watu wasiohitaji kusaidiwa, na wewe uko nyuma yangu unakunja nyaya. Nikakuuliza, ukaniambia taa za ukumbi."

Machozi yakaanza kumtoka Najat. Shangazi hakumkaribia kumfuta. Alimgeukia Farouk. "Mdogo wangu, nimekukosea. Nililiamini daftari, sikukuamini wewe. Kesho njoo kazini, ukitaka."

Farouk alikuwa bado ameishika ile karatasi. Akamgeukia Najat. "Unajua kilichoniuma ni nini?" alisema. "Si kazi. Uliniacha nijilaumu. Nilisimama pale Buswelu naomba radhi kwa kosa lisilo langu, na wewe uko mlangoni." Akakunja karatasi, akairudisha mfukoni. "Nitakuja kesho, dada. Lakini huyu asinisemeshe leo."

Ilikuwa haki yake, na Najat aliijua.

Baada ya hapo kulikuwa na kazi. Najat alipima skrini kwa haki, Shangazi amesimama juu ya kichwa chake. Walipofungua video, Mama Odeta alijaza kioo, akiwa wa rangi ya chungwa kabisa, na Shangazi akafumba macho kama aliyeumwa jino. "Fungua shoti ya kwanza," alisema. "Zipo mia nne na kumi. Utarudisha kila moja, nami nitaangalia."

"Na sare, Shangazi? Hatuna kipande."

"Kakiombe."

Najat akashuka kwa Bachubai, aliyeiuzia kamati zile sare zote mbili. Bibi huyo alizaliwa pale pale Mabatini, miaka sabini na sita iliyopita, na hakuna habari iliyopita mtaani bila kukaa kwanza kwenye kiti chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimesikia kilio juu, nikasema leo kuna mtu analiwa mzima." Bachubai alikata vipande viwili vya kitambaa, zambarau na damu ya mzee, akavishika mlangoni penye mwanga wa jua ili Najat avione vizuri. "Tazama hapa, usitazame chini ya taa ya duka. Taa ya duka inasaidia kuuza. Haya, nenda. Na ufute pua."

Kwa siku nne, kila baada ya shule, Najat alirudisha rangi. Zambarau ikarudi zambarau. Kucha na meno na nguo za kanisani zikarudi mahali pake. Shoti ngumu kuliko zote zilikuwa za Mama Odeta. Ilimbidi amtazame kwa karibu, mara nyingi, mpaka uso wake uwe sawa. Katika mojawapo, mama huyo alikuwa amesimama pembeni ya masufuria, hajui anapigwa picha, anahesabu watu kwa kidole huku jasho linamtiririka. Alionekana mwenye hofu. Najat hakutaka kuliona hilo, lakini aliliona.

Jumamosi wakaenda Buswelu. Shangazi alisema maneno mawili ya mlangoni, kisha akamsukuma Najat mbele.

Najat alisema yote, ganda na skrini na daftari. Mama Odeta alimsikiliza bila kumkatiza. Odeta alikuwa kwenye mlango wa jikoni.

"Kwa hiyo," alisema Mama Odeta, "ulinigeuza papai kwa ajili ya sahani ya pilau."

"Ndiyo, mama. Naomba unisamehe."

"Nikikuchapa sasa hivi nani atanilaumu?"

"Hakuna, Mama Odeta," alisema Shangazi. "Mtoto amekosa, nami sijaja kumtetea. Lakini amekuja mwenyewe mpaka kwako kusema. Na lile la sahani lilikuwepo pia. Mtoto alisimama na taa kwa muda wa saa saba bila kula, ukampokonya chakula mkononi. Ungemwambia 'mwanangu, subiri kidogo', angesubiri."

Mama Odeta akazungusha bangili zake. Alikuwa mtu asiyezoea kurudi nyuma. "Wageni wa kutoka Magu walikuja mara mbili ya tulivyotarajia," alisema hatimaye. "Niliona chakula hakitafika. Nikawa kama mwendawazimu siku ile." Akaziachia bangili. "Haikuwa sababu ya kumfanyia mtoto vile. Haya, weka hiyo video, tuone."

Wakatazama, wao wanne tu. Mama Odeta alipotokea akicheza, alijisogeza mbele kwenye kochi. "Sasa huyo ni mimi," alisema. Kisha akachukua simu, akatuma ujumbe kwa kamati yote kwamba kijana wa kamera hakuwa na kosa lolote, na video mpya imefika. Kwa mtu kama yeye, ule ulikuwa ujumbe mrefu.

Nje, Odeta aliwafuata mpaka getini. "Mimi nitaacha lile jina," alimwambia Najat bila kumtazama.

"Na mimi nitawaambia wale waache lako."

"Hawataacha mara moja."

"Najua. Nitawaambia kila siku."

Hawakuwa marafiki siku hiyo. Lakini Jumatatu, wavulana wa dawati la nyuma walipoanza kuimba, Najat aliwaeleza mbele ya darasa zima kwamba ule uchungwa aliutengeneza yeye, na namna alivyoutengeneza. Walimzomea yeye badala ya Odeta, kwa muda wa wiki moja hivi. Alivumilia.

Jumanne iliyofuata Shangazi alikuwa peke yake studio. Farouk alikuwa chini, anapakia vifaa vya sendofu ya kesho yake. Najat alipopita kupanda ngazi, alimsalimia kwa mara ya kwanza.

"Kaa," alisema Shangazi. "Nina neno moja, halafu tufanye kazi. Mtu akikukosea, mwambie usoni, au niambie mimi nikamwambie, unajua mdomo wangu. Lakini kisasi cha kificho kina shida hii: ili umfikie Mama Odeta ilibidi uanze kwangu. Ukaharibu macho yangu, ukaharibu jina la Farouk, ukaharibu neno lako mwenyewe kwenye daftari. Yeye alichekwa nusu saa. Sisi je? Kipimo kikishapotoshwa, hakichagui nani wa kumdanganya. Kinamdanganya kila anayekitegemea, na wanaokitegemea zaidi ni watu wako."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Basi pima."

Najat akakifuta kipima rangi kwa kitambaa laini, akakigeuza ili Shangazi alione jicho lake, akakining'iniza. Alipofikia daftari alisita, kalamu mkononi.

"Utakaa hapa kila nikipima?"

"Nitakaa mpaka nisahau."

"Utasahau lini?"

Shangazi akavuta kiti chake karibu na wa mpwa wake. "Siku utakayoacha kuuliza," alisema. "Andika tarehe."